Mota za Kiirua Zilizoimba Saa Nane

"Mota niliyosuka mimi haitaungua nikiwa hai!"

Maneno hayo fundi Mithika aliyatoa kwa kipaza sauti cha kanisa, siku ya harambee ya mabati pale Kiirua, mbele ya chifu, mchungaji na watu kama mia tatu waliokuwa wakingoja wali. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameitwa ataje jina, atoe alichokuja nacho, akae. Lakini Mithika alikuwa pia mwalimu wa kwaya, na ukimpa mwalimu wa kwaya kipaza sauti ni kama kumwachia mbuzi lango la shamba la maharagwe. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Muthamia, mwenyekiti wa wenye mashine za kusaga, hakupiga. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika. Muthamia alikuwa amefanya kazi ofisi ya ardhi miaka thelathini, na watu wa ofisi ile hawasahau ulichosema, wanasahau tu faili lako.

Mithika alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kibanda chake kilikuwa Majengo, mjini Meru, nyuma ya bucha, na chumba alichopanga na mkewe Nelius kilipakana na changu. Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ikiungua, shaba yake inatolewa ikiwa nyeusi kama utumbo wa kuchoma, kisha nyingine mpya inasukwa kwa mkono, uzi baada ya uzi. Mimi nilisomea umeme mihula mitatu kati ya sita, kwa hivyo najua nusu ya kila kitu, na hiyo nusu yangu inatosha kusema kwamba sijaona mikono kama ile.

Hakuwa na vipimo vya maana. Alikuwa na mwiko wa ugali. Anaweka ncha moja kwenye mota, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Alikuwa amejifunza do-re-mi utotoni kwenye kanisa la Methodisti, na kwake mota zote zilikuwa waimbaji. Mota nzima inaimba do ya chini, do ya mzee aliyeshiba. Ikiwa na kasoro, inaimba kitu kingine.

Kiirua kulikuwa na mota kumi na moja zilizopitia mikononi mwake: za kusaga posho, za kukata nyasi za ng'ombe, ya mbao, ya maji. Na kwa sababu umeme ulikuwa unafika Kiirua umechoka, mota zikikohoa asubuhi kabla ya kuwaka, Mithika aliongeza jambo lake mwenyewe. Kando ya kila mota alifunga kisanduku cha bati chenye kapasita, vile vidude vya duara vinavyoweka umeme kidogo na kuuachilia mota inapouhitaji. Hakuomba ruhusa, wala hakutoza mtu. Alivipaka rangi ya kijani, akaandika MITHIKA kwa brashi. Mota zikaacha kukohoa, na watu wakasahau kwamba visanduku vipo. Magunia yakawekwa mbele yavyo.

Kisha zikaja pangaboi, zile ndefu za kuzalisha umeme kwa upepo.

Zilikuwa sita, nyeupe, juu ya mgongo wa kilima upande wa mlimani. Kampuni ilizisimamisha mwaka wa 2019, ikaziunganisha na nyaya zilezile zinazoshuka Kiirua. Kuna sherehe ilifanywa, kondoo wakaliwa. Mwezi mmoja watu walizitazama, na mwezi wa pili wakazizoea kama wanavyozoea ndugu mrefu.

Upepo wa Kiirua una ratiba. Asubuhi haupo. Saa saba unaanza kunusanusa milango. Saa nane unaingia kama mwenye nyumba. Ilikuwa Julai, saa nane mchana, jua likiwa kali, Ciakuthii alipompigia Mithika simu.

Ciakuthii ni mjane. Mumewe, Koome, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, Novemba, kwa mapafu. Alimwachia mashine ya kusaga kando ya barabara ya Nanyuki.

"Fundi, njoo."

"Imezima?"

"Haijazima. Njoo tu."

Mithika alikwenda kesho yake na mwiko wake. Nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na kazi, jambo ambalo lilikuwa kazi yangu mwaka ule. Tulifika saa nane kasoro. Ndani ya chumba cha mashine, unga ulikuwa umetanda kwenye tandabui kama pazia la harusi. Wanawake sita walikuwa kwenye foleni na madebe yao, wakicheka habari ya mtu fulani na ng'ombe wake. Mota ilikuwa inaimba do. Mithika akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Halafu kukawa na sauti nyingine. Siwezi kusema ilianza. Ulijikuta tu umekuwa ukiisikia kwa muda. Ilikuwa juu ya do, mbali juu, nyembamba, imenyooka. Kicheko kikakatika bila mtu kukikata. Kuku waliokuwa wakidonoa mlangoni wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukimbia, kama watu wanaotoka ibadani kabla ya sadaka. Mwanamke wa mwisho kwenye foleni akainua debe lake lenye mahindi mazima, akaondoka nalo.

Mithika akaweka mwiko sikioni. Akakaa hivyo dakika nzima.

"So," alisema. "Ni so. Na haivuti pumzi."

Hilo la pumzi ndilo lililomtisha. Mwalimu wa kwaya husubiri pumzi. Mwimbaji hata awe nani, mahali fulani lazima apumue.

"Unaisikia?" Ciakuthii aliuliza.

"Naisikia, Mama."

"Ni nani?"

"Mota haina nani."

"Koome alikuwa akiishika hivyohivyo. Ulimkemea mbele ya kwaya nzima. 'Koome, achilia so, wenzako wameshashuka.' Umesahau?"

Mithika hakuwa amesahau. Aliweka kiganja juu ya mota, akanishika mkono na kuuweka kando ya wake. Ilikuwa moto kuliko ilivyofaa. Na chini ya ule msukumo wa kwenda mbele, kulikuwa na kitu kidogo, chepesi, kinachovuta nyuma. Kilivuta na kuvuta tena bila kukoma. Niliondoa mkono wangu kwanza. Sioni haya kusema hivyo.

Saa kumi na moja upepo ulipolala, so ikaondoka. Hatukuisikia ikienda.

Agosti mota tatu ziliungua. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, ya pili ya nyasi, ya tatu ya Muthamia mwenyewe. Zote mchana, upepo ukivuma, na zote zikiimba. Mithika alizifungua akakuta shaba imeiva mzingo mzima, sawasawa, hakuna uzi uliokatika, hakuna mahali mkono wake ulipokosea. Hilo halikumfariji. Alinunua shaba akazisuka upya, na kila alipofunga parafujo ya mwisho alikuwa anajiuliza kama anafunga au anazika.

Jumanne moja, saa saba na nusu, Nelius alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni, redio iko juu ya ndoo kama kawaida, ikisoma matangazo ya vifo. Kwetu matangazo hayo hayakosi msikilizaji. Ndiyo habari pekee isiyo na siasa. Mithika alikuwa ndani akila githeri.

"...tunasikitika kutangaza kifo cha fundi Mithika wa Majengo, mume wa Nelius, aliyejulikana kwa kusuka mota na kufundisha kwaya. Habari ziwafikie wakazi wote wa Kiirua. Waliopo wakutane kwa Mzee Muthamia..."

Nelius aligeuka akamwona mumewe na kijiko mdomoni. Alimtazama muda mrefu kuliko mke anavyopaswa kumtazama mume aliye hai.

"Baba Karambu," alimwambia polepole, "hebu meza."

Akameza.

"Ni Muthamia," Mithika alisema. "Ameniua kwa maneno yangu."

Alimpigia simu palepale, na Muthamia hakukana. Nilisikia kupitia ukuta, maana Muthamia huongea kwenye simu kana kwamba Kiirua iko Sudan.

"Ulisema nini kanisani? Ngoja nikusomee. 'Mota niliyosuka mimi haitaungua nikiwa hai.' Zimeungua?"

"Zimeungua, lakini..."

"Basi wewe huko hai. Mimi nimetangaza tu kilichobaki. Mtu akifa watu wajue, wasiendelee kumpelekea kazi."

Ilianza kama mzaha. Jioni watu walikuja na majani chai na sukari, wakamkuta marehemu akiwafungulia mlango. Wengine walicheka mpaka wakaketi chini. Lakini mzee mmoja jirani alikataa kumpa mkono. "Kama uko hai," alimuuliza kwa adabu kabisa, "mbona mota zinaungua?" Kikafunguliwa kikundi cha WhatsApp kinachoitwa Mazishi ya Fundi Mithika, na mtu mwenye kidole cha haraka akamwingiza Mithika mwenyewe. Mwanachama mmoja akapendekeza awe mweka hazina kwa kuwa ni mwaminifu.

Baada ya hapo simu yake ikanyamaza. Nadhani hakuna aliyeamua kutompigia. Watu hawapigi simu kwa marehemu, basi. Jumapili alipoingia mazoezini, kwaya ilikuwa imeanza bila yeye, na kiti chake kilikuwa kimewekwa kando, kimegeuzwa uso ukutani. Walimsalimia vizuri. Nelius alisema usiku mumewe anaweka mwiko kwenye kifua chake mwenyewe, anasikiliza.

Wiki iliyofuata kampuni ya pangaboi ilimtuma injinia.

Jina lake lilikuwa Wambeti, msichana wa miaka ishirini na tisa hivi, buti zenye matope na mkoba wa chuma. Alishuka kwa Ciakuthii akamkuta Mithika ameketi juu ya gunia.

"Wewe ni wa wapi?" Mithika alimuuliza.

"Karurumo."

"Mtu wa Embu! Mnakuja kutufundisha upepo, na kwenu hata nguo hazikauki."

"Na kwenu, Mzee, nimeambiwa marehemu wanasuka mota."

Mithika alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Wambeti alifunga nyaya za kipimo chake kwenye swichi, wakangoja saa nane. Upepo ukaingia. So ikawa ipo. Yeye hakuruka, ila niliona vinyweleo vya mkono wake vimesimama. Akageuza kioo cha kipimo ili sote tuone. Badala ya wimbi laini linalopanda na kushuka kama vilima, kulikuwa na wimbi lenye meno.

"Umeme wa pangaboi hautoki tayari," alieleza. "Upepo haushiki mwendo mmoja. Kwa hivyo mashine zetu kule juu zinaukatakata na kuushona upya uwe kama wa nyaya zenu. Mshono haukosi alama. Alama zile ndizo tunaita hamoniki, sauti za ziada juu ya sauti kuu. Hapa naona ya tano na ya saba."

"Mimi nasikia moja tu. So."

"Zote mbili mota inazipokea kama mtikiso mmoja. Ndiyo hiyo so yako, Fundi. Una sikio kali kuliko hiki kipimo, na hiki kililetwa na ndege."

"Na ile inayovuta nyuma?" niliuliza.

Akanitazama kama mwalimu anayekutana na mtoro. "Ni ile ya tano. Umeme mkuu unazungusha mota mbele, na ule wa tano unazungusha kinyume. Ni mdogo. Hauwezi kushinda. Lakini hauchoki, na mota inaungua ikishindana nao."

Ciakuthii alikuwa mlangoni, mikono imefumbatwa. "Na ile mota ya Koome ya zamani, kule bandani? Haina waya miaka miwili. Nayo inaimba."

"Itakuwa mabati ya banda, Mama. Yanatetemeka pamoja na hii."

Ciakuthii alitazama upande wa bandani. Banda lile lilikuwa limeezuliwa tangu Aprili. Halikuwa na bati hata moja.

Kitu kimoja kilimsumbua Wambeti. Alikuwa amepima kule juu kwenye kituo chao, na kule alama zilikuwa ndogo, ndani ya kiwango, karatasi safi. Hapa chini zilikuwa mara tano. "Kuna kitu katikati kinaikuza. Mmewahi kuimbia ndani ya tangi tupu? Noti nyingine zote linazimeza, ila kuna moja ukiigusa, tangi linakujibu kwa nguvu kuliko ulivyoimba. Kiirua ina tangi la namna hiyo mahali. Sijalijua."

Nilimwona Mithika akitazama magunia yaliyo ukutani.

Siku ya pili yake Muthamia aliitisha mkutano palepale kwenye mashine. Walikuja wenye mota wote, wakaketi juu ya magunia, juu ya madebe, juu ya mawe. Muthamia alikuwa amechapisha barua ya kurasa mbili: kwamba pangaboi peke yake ndizo zilizounguza mota, zizimwe, na kampuni inunulie kila mtu mota mpya. Ilibaki sahihi ya fundi anayejua mota hizo. Akamnyooshea Mithika kalamu.

"Tia sahihi hapa, ufufuke."

Nadhani hakuwa anatania. Watu wote walikuwa wanamtazama Mithika kwa upendo uleule wa zamani. Jina lake lilikuwa limelala juu ya karatasi ile, linangoja tu wino. Wambeti alikuwa kwenye kona, amekunja uso, maana bila kulipata hilo tangi lake hakuwa na hoja.

Mithika alichukua kalamu. Akaiweka mfukoni, sijui kwa nini. Halafu akaenda ukutani akaanza kuburuta magunia, moja, la pili, la tatu, akikohoa unga. Kisanduku cha kijani kikaonekana. Kifuniko kilikuwa kimevimba kama mkate wa siku ya sikukuu.

"Injinia, tangi lako ni hili," alisema. "Na yako mengine kumi."

Wambeti alipiga magoti, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akatazama zile kapasita zilizofura. "Nani alifunga hizi?"

"Jina liko juu."

Muthamia aliinama, akamnong'oneza Mithika kwa Kimeru anyamaze, mgeni alikuwa hajaviona, angeondoka bila kuviona. Alisahau kwamba mgeni ni wa Embu, na Kiembu na Kimeru husikilizana kupitia ua.

"Nimesikia, Baba," Wambeti alisema kwa upole.

"Basi umesikia," Mithika alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kuni. "Pangaboi zinaleta so ndogo. Visanduku vyangu ndivyo vinavyoijibu. Nilivifunga bila kumuuliza mtu, nikaona nimewasaidia. Mota zenu nilizisuka vizuri, kisha nikaziunguza mwenyewe."

Nje pangaboi zilikuwa zimeanza kuzunguka.

Mchana ule Wambeti na wenye mota walitembea mashine hadi mashine. Mota zote ziliwashwa. Wambeti alitoa visanduku kimoja kimoja, na Mithika alibaki kwa Ciakuthii, mwiko sikioni, akinitangazia, nami nikipeleka habari kwa simu. Cha kwanza, so ipo. Cha pili, ipo. Cha nne kilipotoka, ilipanda ghafla, ikawa kali hadi kioo cha dirisha kikalia na Ciakuthii akashika mlango. Kwa pumzi tatu nilifikiri yule aliyemo amekasirika. Kisha cha tano, cha sita, ikawa inafifia, kama mtu anayetembea akienda zake mteremkoni bila kugeuka. Cha kumi na moja kilipotoka, ikabaki do.

"Ameshusha," Mithika alisema. Hakusema nani.

Ciakuthii alikuwa analia kimyakimya, unga umemshika mashavuni.

Asubuhi yake mota hazikuwaka. Zilikohoa tu, kama zamani, umeme ukiwa umechoka. Wenye mashine wakampigia Wambeti kelele, naye akawangoja wamalize.

"Visanduku vinahitajika," alisema. "Ila viwe viziwi kwa noti ile. Mbele ya kila kapasita panakaa koili, shaba iliyozungushwa kwenye chuma, kwa kipimo nitakachowapa. So ikija, kisanduku hakiijibu. Kampuni nayo itafunga filta yake kule kituoni, nimeshaandika barua. Itakuja kwa meli, kwa hivyo msiningoje mimi. Koili nani anaweza kusuka?"

Watu wakatazamana. Mwishowe ni Muthamia aliyesema, akitazama viatu vyake: "Marehemu."

Mithika alisuka koili kumi na moja kwa siku nane. Chuma alitoa kwenye transfoma chakavu. Kati ya vipande vya chuma inatakiwa kuachwa nafasi ndogo, yenye unene uleule kila mahali, ijazwe kitu kisicho chuma, na hapo aliniambia nitoe boksi lililo chini ya kitanda chake. Zilikuwa ratiba za mazishi. Mwalimu wa kwaya haachi mazishi, na kwa miaka ishirini alikuwa ameziweka zote, zile za karatasi ngumu inayong'aa, na picha ya marehemu mbele, Mapambazuko na Machweo, yaani kuzaliwa na kufa.

"Karatasi nzuri hii," alisema. "Haipungui, hainywi maji, na unene wake ni mmoja. Watu wetu hawapunguzi gharama hapo."

Alizikata kwa kisu cha bucha, akazipanga, akapima kwa kipimo cha Wambeti. Hivyo kila koili ya Kiirua ina uso wa mtu ndani yake, umebanwa katikati ya chuma na chuma. Alipofika kwa ile ya Ciakuthii alinipa simu nimpigie.

"Mwulize kama niweke ya Koome."

Nikampigia, nikamwuliza.

"Aiweke," Ciakuthii alisema. "Uso uangalie juu."

Ijumaa ya jaribio, hata watu wasio na mahindi walikuja. Muthamia alisimama karibu na mota na saa yake ya mkononi, kijitabu kwenye mkono wa pili. Saa saba upepo ukaanza kunusa milango. Saa nane ukaingia. Kule juu, pangaboi zote sita zilikuwa zinazunguka kwa nguvu, vivuli vyake vikipita kwenye miteremko kama watu wanaofuatana. Sote tulikuwa tunangoja. Mithika hakutumia mwiko. Alikuwa ameushika tu, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa imekaa kama anayetaka kuingia kwenye wimbo.

Do.

Saa tisa, do. Saa kumi, unga ulikuwa unatoka wa baridi, na kuku walirudi, wakaingia kwa foleni ileile waliyotokea. Nilitoka mara moja kwenda msalani, nikapita kando ya banda lisilo na mabati. Sitasema nilisikia nini au sikusikia. Nilitembea haraka tu.

Saa kumi na moja upepo ukalala. Muthamia akaandika, akafunga kijitabu.

"Sawa," alisema. "Uko hai."

"Nenda ukatangaze."

"Mimi? Tangazo langu lilikuwa la kweli siku ile. La kwako peleka mwenyewe."

Jumatatu Mithika alivaa koti la kwaya, akaenda ofisi ya redio, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimsindikiza. Dada wa kaunta alimpa fomu bila kuinua kichwa.

"Ni kifo, mazishi au kumbukumbu?"

"Ni uhai."

Akainua kichwa. Akatafuta kwenye fomu, mbele na nyuma. "Hiyo hatuna, Mzee. Jaza ya kifo, nitaandika kando."

Mithika alijaza kwa herufi kubwa, polepole, kalamu ikiwa ni ile ya Muthamia: *Mimi fundi Mithika wa Majengo niko hai. Mota tatu zilizoungua Kiirua ziliunguzwa na masanduku niliyoyafunga mimi mwenyewe bila kuuliza. Si upepo peke yake. Nimeyatengeneza yote. Ukisikia mota yako inaimba mchana, izime kwanza, kisha uniite. Ninamshukuru mke wangu Nelius kwa chai na uvumilivu.*

Dada alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mwisho ni maneno arobaini. Yamezidi mawili."

Nikamwambia Mithika aondoe *chai na*. Nikamwambia aondoe *peke yake*, au *mimi mwenyewe*, mahali popote. Mithika alisoma fomu tena tangu juu, akisogeza midomo. Kisha akafuta *niko hai*, akarudisha fomu. "Aliyesema uniite yuko hai tayari," alisema.

Tangazo la maneno arobaini, la saa saba na nusu, ni shilingi elfu moja na mia mbili.